Kabla hujavuka bahari na mgonjwa kutoka kisiwani: saratani ya tezi dume ikishafika mifupani

Makaratasi yote yakae kwenye mfuko mmoja usioingia maji: majibu ya PSA (kipimo cha damu cha tezi dume), picha za mifupa, orodha ya dawa. Dawa za maumivu anywe kwa saa zake, asisubiri mpaka aanze kuguna. Makubadhi yanayoteleza yaache nyumbani. Kama amepangiwa sindano za kuimarisha mifupa, kwanza aonwe na daktari wa meno, maana jino likija kung'olewa baadaye taya linaweza kukataa kupona.

Picha zisikudanganye. Saratani nyingi zikiingia mfupani huula ukabaki na matundu. Hii ya tezi dume mara nyingi huuchochea mfupa ujijenge ovyo, kwenye eksirei ukaonekana mweupe, mnene. Sisi tulipoona ule weupe kwenye picha za baba tulimshukuru Mungu. Kumbe ni sawa na ukuta wa mawe uliopangwa bila chokaa: unene upo, mshikamano hakuna, na huvunjika. Tena dawa za kushusha homoni za kiume, ambazo mgonjwa anazihitaji, nazo hudhoofisha mifupa.

La mgongo lisome mara mbili. Baba alilalamika mgongo wiki mbili, ukimzidi akilala. Tukasema ni baridi, tukamwita mkandaji. Jioni moja alikuwa akipanda ngazi za darini, nami nimemshika kiuno. Mguu wa kushoto ukawa unaburura, kubadhi likamvuka naye hana habari. Usiku mkojo ukakataa kutoka. Tukasema tungoje asubuhi. Mpaka tupate boti, tuvuke mpaka Mokowe, gati la bara ng'ambo ya Lamu, tufike Mombasa, ni usiku mwingine. Saratani ilikuwa imebana mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo. Alipigwa mionzi, maumivu yakatulia. Miguu haikurudi. Daktari aliniuliza swali moja tu: kwa nini hamkumleta akiwa bado anatembea?

Kwa hiyo mgongo ukiambatana na miguu kulegea, ganzi au mkojo kukwama, ondokeni saa ile ile. Asikandwe, asipandishwe punda. Alazwe chali, abebwe amenyooka juu ya ubao. Namba ya nahodha anayekubali kuamshwa usiku iwe nayo leo, na pesa ya mafuta pembeni. Kwenye boti asiwekwe mbele, kule kunakoruka mawimbi. Nyumbani asinyanyue ndoo, mikeka inayokunjamana iondolewe njiani, na taa ya chooni iachwe ikiwaka.