Kuchanja soya kwa rizobia na kukagua vinundu vya mizizi

Mwongozo huu ni wa soya, kwa wakulima wa Mbeya na Mbozi. Rizobia ni bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupa mmea naitrojeni ya hewani; chanjo ni unga wenye bakteria hao, unaopakwa kwenye mbegu. Mwenye maharage atafute chanjo ya maharage, maana bakteria wa soya hawatamfaa.

1. Nunua chanjo. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti iliyokuwa inapigwa jua dirishani mwa duka la pembejeo, iache hapohapo. Humo mna viumbe hai.

2. Changanya kivulini. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari, mwagia unga wa chanjo kwa kipimo cha pakiti, geuza taratibu mpaka kila punje ipakae. Tumia maji ya mvua au ya kisima. Klorini ya bomba huua bakteria.

3. Panda siku hiyohiyo na ufukie mara moja. Mbolea ya kupandia mimi naweka TSP, yenye fosforasi bila naitrojeni, si DAP, yenye naitrojeni pia. Urea kwenye soya sitaki hata kuisikia: mmea ukipata naitrojeni ya dukani, hauhangaiki kuwalisha bakteria.

4. Kagua soya zikianza maua. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Jirani aliniita akilalamika kwamba chanjo ni feki, mkononi kashika miche aliyoing'oa. Ukivuta mche, vinundu vinabaki ardhini! Chimba kwa sepetu kuuzunguka, unyanyue na bonge lake la udongo, uloweke kwenye ndoo, kisha usuuze polepole.

Ukiona uvimbe, usishangilie bado. Kinundu kimejishikiza ubavuni mwa mzizi na ukikisugua kwa kidole kinabanduka. Uvimbe wa minyoo fundo (minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi) ni mzizi wenyewe uliotuna, haubanduki.

Sasa pasua kwa wembe vinundu kadhaa, kutoka miche ya sehemu tofauti za shamba. Ndani kukiwa na wekundu kama nyama mbichi, kazi inafanyika. Rangi hiyo ni ya leghimoglobini, inayowapa bakteria oksijeni kwa kipimo. Oksijeni ikizidi, huharibu kimeng'enya kinachogeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia. Weupe maana yake hakijaanza kazi, au kimekaliwa na bakteria wasiofaa. Kijani au kahawia, kimechoka. Mwishoni mwa msimu hilo ni kawaida, wakati wa maua si kawaida.

5. Vinundu vichache au vyeupe? Pima tindikali ya udongo kabla ya kulaumu chanjo. Udongo mwingi wa huku kwetu ni mchachu, na chokaa ya kilimo huwekwa mapema kabla ya kupanda.

6. Mavuno. Kata mashina kwa mundu, mizizi ibaki. Mabua na maganda yarudishe shambani, mahindi yafuate msimu ujao.