Kuiandaa nyumba ya mtunzi Mikindani ipokee wageni

Familia yenye nyumba ya mawe ambamo marehemu alitungia tenzi zake, ikitaka kuifanya makumbusho, isianze na rangi wala kibao cha mlangoni bali na paa, kwa kuwa mvua za Desemba hadi Aprili zikipenya darini huozesha boriti na kulowesha karatasi zisizopatikana tena.

Baada ya paa ni kuta. Fundi atashauri lipu ya saruji, mkatalieni. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka polepole kupitia lipu ya chokaa, lakini saruji huuziba, chumvi ikajikusanya ndani ya mawe ya matumbawe yaliyojengea ukuta, na lipu ikibanduka hung'oka na ukuta wenyewe. Nyumba ya babu yetu ilipigwa saruji, na baada ya misimu miwili ya mvua ukitia kidole kwenye ufa kilitoka na unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Changanyeni sehemu moja ya chokaa iliyoloweshwa vyema na sehemu tatu za mchanga usio wa ufukweni, kisha lipu ifunikwe magunia mabichi kwa siku kadhaa ili isikauke ghafla.

Kabla ya kuhamisha hata kigoda, pigeni picha kila chumba, halafu andikeni daftarini, kwa penseli, kila kitu kilikuwa wapi na ni nani anayekumbuka kuwa kilikuwa cha marehemu. Miswada, hasa ya hati za Kiarabu, ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Nakala iwekwe mezani kwa wageni, na asili ilale gizani, ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu na kuachana na ukuta, maana mchwa hupitia huko. Selotepu na laminesheni ni marufuku.

Semeni kweli kuhusu samani. Katika nyumba ya mwandishi Karen Blixen jijini Nairobi, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, baadhi ya vyombo vilikuwa vyake na vingine vilitumika katika filamu iliyomhusu. Vya aina hii vya pili havina kosa, mradi mgeni aambiwe.

Kuhusu ulinzi, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, ilhali jengo la baadaye huhitaji kutangazwa rasmi. Kwa hiyo daftari lile, pamoja na picha zake, ndilo la kubeba mnapokwenda kuomba nyumba itangazwe.