Kuandaa Sonata ya Bartók ya Piano Mbili na Ala za Kugonga

Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria, aliitunga sonata hii mwaka 1937, ikapigwa mara ya kwanza Basel, Uswisi, Januari 1938. Wapigaji ni wanne: wawili wa piano, wawili wa ala za kugonga.

1. Kusanya ala. Timpani 3 (ngoma za bakuli zenye noti maalum), lazima ziwe za pedali (ya mguu, ya kubadilisha noti) kwa sababu kuna sauti za kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine. Zailofoni (safu ya mbao zinazogongwa kwa vijiti), ngoma ndogo mbili (moja yenye nyaya chini, nyingine bila nyaya), ngoma kubwa, jozi ya matoazi, toazi la kuning'inia, pembetatu na upatu mkubwa.

2. Pima zailofoni kabla ya kumwita fundi wa piano. Hapa ndipo siku nzima hupotea. Mbao za zailofoni hazibadiliki sauti, piano hubadilika. Zailofoni nyingi huchongwa kwa noti A ya hertzi 442 (mitetemo kwa sekunde), na fundi asipoambiwa hukaza piano kwa 440. Tofauti inaonekana ndogo, lakini zailofoni husikika oktavu moja (mitetemo mara mbili) juu ya nota iliyoandikwa, kwa hiyo pale juu 880 inagongana na 884, na kila noti wanayopiga pamoja inachacha. Usitegemee sikio: mlio wa ubao hufa upesi mno. Tumia programu ya kupimia kwenye simu, gonga A tatu tofauti, andika namba, mpe fundi. Piano zote mbili azikaze fundi mmoja, siku moja, zikiwa zimeshafika mahali pake jukwaani. Zikipandishwa kutoka 440, nyuzi hushuka tena usiku, basi lazima arudi asubuhi ya onyesho. Piano iliyokaa miaka bila kukazwa inahitaji kupandishwa zaidi ya mara moja. Anza wiki moja kabla.

3. Panga jukwaa. Ala za kugonga ziwe katikati, nyuma, piano zikiwa mshazari pande mbili. Ondoa vifuniko vya piano kabisa. Wanne wote waonane macho.

4. Mazoezi. Palipoandikwa 9/8 (mapigo madogo tisa kwa kila kipimo), usihesabu 3+3+3 kwa mazoea. Kuna sehemu ni 4+2+3, na ndipo kundi huachana.

5. Ngoma ndogo yenye nyaya ikiwa haipigwi, legeza nyaya kwa kishikio chake. Timpani na noti nzito za piano huzitikisa zikavuma peke yake, na katika sehemu ya pili, iliyo ya polepole, mvumo huo unasikika hadi viti vya nyuma. Mpigaji aandike kwenye nota zake mahali pa kulegeza na pa kukaza, hasa kabla ya mwisho wa sehemu ya tatu, ambapo ngoma hiyo na toazi vinamalizia kwa kufifia.