Embe ya Mize: mtoto anapojifunza kuona ya moyoni mwa mwenziwe

Kila muhula hapakosi mzazi wa kunijia skulini, hapa Wete, akaniambia mwanawe wa miaka 3 ana roho mbaya: kampiga mdogo wake, kisha anamtazama analia kama vile si yeye. Huwa namjibu, nenda ukamchezeshe mchezo wa embe kwanza. Hiyo roho mbaya tutaizungumza baadaye.

Hatua ya 1: mchezo

Tafuta wanasesere wawili, hata wa matambaa, embe moja, kawa (kile kifuniko cha chakula cha ukili) na pakacha. Mize anaweka embe yake chini ya kawa, anakwenda kuteka maji. Huku nyuma Kombo anaitoa, anaitia pakachani. Mize karudi. Muulize mtoto: "Mize ataitafuta wapi embe yake?" Usimkonyeze, wala macho yako yasiende pakachani, watoto ni wajanja.

Wengi wa miaka 3 husema "pakachani". Wao wanajua iliko, basi hudhani na Mize anajua. Kwenye miaka 4 au 5, wengi husema "chini ya kawa".

Mchezo si wangu. Heinz Wimmer na Josef Perner wa Austria waliuchapisha mwaka 1983, ila wao walitumia chokoleti na kabati. Mwaka 2003 Rebecca Saxe na Nancy Kanwisher, Marekani, walipiga picha za ubongo wa watu wazima wakaona sehemu iliyo juu kidogo nyuma ya sikio ikichangamka pale mtu anapofikiri mwenziwe anawaza nini. Kwa mtoto uwezo huo bado unajengeka. Akikosea, basi, si roho mbaya. Na tafadhali usiutumie mchezo huu kumtangazia mtoto usonji (autism). Hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Hatua ya 2: poa wewe

Keshapiga, mwingine analia. Vuta pumzi, itoe polepole. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuzuia tusifanye la kujutia, huendelea kupevuka hadi baada ya miaka 20. Ya mtoto bado changa, mwazime yako. Mimi mwenyewe niliwahi kumkaripia mtoto aliyeng'ata mwenziwe. Wakalia wote wawili, na hakuna aliyejifunza kitu.

Hatua ya 3: itaje hisia

Hapa usiharakishe. Tumezoea kusema "hasira" kwa kila kitu, na lugha yetu imetupa wivu, kijicho, kinyongo, haya, kununa, kusononeka. Mwambie: "Umeona wivu, mama kampakata mdogo wako." Matthew Lieberman na wenzake walionesha mwaka 2007 kwamba mtu mzima akiichagulia jina hisia anayoiona usoni mwa mtu pichani, amigdala yake, kile kipande cha ubongo chenye umbo la lozi, hutulia.

Kisha mgeuze: "Mtazame uso. Unadhani anasikiaje?" Ngoja ajibu. Usimlazimishe kuomba radhi papo hapo, ataitamka kama kasuku.

Hatua ya 4: hadithi za usiku

Paukwa! Pakawa! Halafu ikatize katikati: "Fisi anajua kwamba sungura yumo ndani ya gunia?" Mabibi zetu walikuwa wakiuliza hivi hivi.

Hatua ya 5: rudia mchezo

Baada ya mwezi au miwili, kwa vitu vingine. Mwanafunzi wangu mmoja, muhula uliopita, aliniambia: "Chini ya kawa. Lakini asilie, mie nitamwonesha iliko."