Umechukua sanaa kama somo la hiari? Soma hii kwanza

Kama umeichukua sanaa ukidhani ni somo la kupumzikia, jipange upya, hili somo linakula muda balaa maana huwezi kukesha usiku mmoja ukatoka na kazi iliyoiva. Nunua daftari la kuchorea, chora kila siku hata kidogo tu, kiatu, kikombe, mkono wako usioandikia, chochote kilicho mbele yako. Na kama kitu chenyewe kipo usikichore kutoka kwenye picha ya simu, kamera inameza vivuli.

Penseli hazihitaji hela nyingi. HB ya mistari ya kwanza, 2B na 4B za vivuli, 6B ya giza kabisa, namba ya B ikipanda ncha inakuwa laini na nyeusi zaidi ila inachafua kweli, so weka karatasi safi chini ya kiganja. Kabla ya kutia kivuli finya macho, vile vitu vidogo vidogo vitapotea utabaki unaona mwanga na giza tu, anzia hapo, kope na vifungo vya shati baadaye!

Kwenye rangi, usikimbilie nyeusi kila ukitaka kupunguza ukali. Kijani kikiwaka sana tia nyekundu kidogo, kinapoa chenyewe.

Michoro iliyoharibika usiichane jamani. Andika tarehe nyuma utunze, walimu wengi wanataka kuona wazo lilivyokua, siyo picha ya mwisho peke yake.