Namna ya Kufuatilia Uamuzi wa Kiuchumi wa Serikali Mpaka Shambani

Mwezi Juni 2017, mahindi yakiwa yanavunwa kote Nyanda za Juu Kusini, Serikali ilitangaza kuzuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda chakula cha Taifa, nayo ni sababu ya kuheshimiwa. Hata hivyo, wanunuzi waliotegemea masoko ya nchi jirani walipungua, bei ikaporomoka, na mkulima aliyekwisha kununua mbolea kwa bei ya soko akalazimika kuuza kwa bei ambayo hakuipangia hesabu. Mlaji wa mjini alipata nafuu, na nafuu hiyo ililipwa na mtu wa kijijini ambaye hakutozwa kodi yoyote wala hakupewa risiti.

Mwongozo huu ni kwa mwananchi wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe anayetaka kujua, kwa ushahidi wala si kwa manung'uniko, uamuzi fulani wa kiuchumi unamgusaje yeye na jirani zake, na kama mzigo na faida vimegawanywa kwa haki. Hauhitaji elimu ya uchumi. Unahitaji daftari, kikokotoo cha simu na uvumilivu wa kurudi ofisini zaidi ya mara moja.

Kwanza, tambua uamuzi umetoka wapi

Viwango vya kodi na ushuru hupitishwa na Bunge, kwa kawaida kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka inayoanza kutumika tarehe 1 Julai. Vizuizi vya biashara ya mazao hutangazwa na waziri au kiongozi wa juu wa Serikali, na vinaweza kuja na kuondoka kwa haraka, kama ilivyotokea Aprili 2025 pale Tanzania ilipozuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini kisha ikaondoa zuio hilo mwanzoni mwa Mei, huku wafanyabiashara wa mpaka wa Kasumulu wakiwa hawajui wapakie au washushe. Halmashauri hutunga sheria ndogo zinazoweka ada na namna ya kukusanya ushuru. Michango ya kijiji huamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ukikosea ngazi, utagombana na mtendaji wa kijiji kwa jambo ambalo hana mamlaka nalo, na aliyeamua hatasikia kabisa. Kwa hiyo andika sentensi moja juu ya ukurasa: nani ameamua nini, lini, na kwa chombo gani cha kisheria.

Pili, mtenganishe anayetoa fedha na anayebeba gharama

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu sehemu kubwa ya udhalimu wa kiuchumi hujificha katika pengo hili. Chukua ushuru wa mazao. Mwaka 2017 kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 5 ya bei ya shambani hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Viwango vya aina hii vinaweza kurekebishwa mwaka wowote, kwa hiyo soma Sheria ya Fedha ya mwaka ulio nao kabla ya kupiga hesabu. Kisheria ushuru huu hulipwa na mnunuzi. Lakini dalali anayekuja Umalila au Isangati kununua viazi anajua kabla hajafika kwamba atalipa kitu getini, na hukata kiasi hicho katika bei anayomtajia mkulima. Pale wanunuzi ni wengi na barabara ni nzuri, mkulima anaweza kukataa bei hiyo akamsubiri mwingine. Pale ambapo lori hufika mara moja kwa juma na viazi vimekwisha kung'olewa, hana namna. Ushuru ni ule ule kwenye karatasi, lakini mzigo wake hutofautiana kati ya kijiji cha kando ya lami na kijiji cha bondeni.

Ili kupima jambo hili, kusanya bei tatu za siku moja: bei aliyolipwa mkulima shambani, bei ya gunia hilo hilo katika soko la mjini, tuseme Uyole au Soweto jijini Mbeya, na gharama zote za katikati, yaani upakiaji, usafiri, ushuru na faida ya mnunuzi. Waulize wakulima kadhaa, si mmoja, na uandike uzito pamoja na bei. Ukiacha uzito, hesabu yote inaharibika, kwa sababu ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita ujazo halali. Ujazo halali wa gunia hauzidi kilo 100, ila mkulima wa viazi hujaziwa gunia lenye kilemba kilichoshonewa kwa kamba, akalipwa bei ya gunia moja.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Halmashauri nyingi, kwa kurahisisha kazi ya getini, hutoza ushuru kwa gunia badala ya kupima thamani ya mzigo. Matokeo yake ni kwamba aliyejaza lumbesa hulipa kama aliyejaza gunia halali, halmashauri hupoteza mapato ya kilo zilizozidi, na mkulima hupoteza kilo zenyewe. Kiwango cha kudumu kwa gunia kina kasoro nyingine tena. Tuchukue mfano: bei ya shambani ya gunia la mahindi ni shilingi 60,000, na halmashauri ikapanga kutoza shilingi 1,200, ambayo ni asilimia 2 kamili. Mavuno yakawa mengi au mpaka ukafungwa, bei ikashuka hadi shilingi 30,000. Ushuru ukibaki shilingi 1,200, sasa ni asilimia 4, mara mbili ya kiwango kilichopangwa, na umeongezeka katika mwaka ule ule ambao mkulima ana hali mbaya zaidi. Hakuna kikao kilichokaa kupandisha ushuru huo. Hesabu ya namna hii ya mistari mitatu, ikiandikwa vizuri na kupelekwa kwa diwani, ina nguvu kuliko malalamiko ya saa nzima.

Kagua pia misamaha. Mabadiliko ya mwaka 2017 yalisema mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe ushuru. Mama anayepeleka magunia matatu ya mahindi kwa mwanawe anayesoma mjini hapaswi kulipa ushuru huo wakati wa kuvuka kutoka wilaya moja kwenda nyingine, na iwapo ametozwa, adai risiti ya mashine inayoonyesha ametozwa nini na kwa sheria ipi. Risiti ndiyo ushahidi wa kwanza katika jambo lolote litakalofuata.

Kwa mazao yanayouzwa kwa mnada kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, kama kakao ya Kyela na Rungwe iliyo katika mfumo wa stakabadhi ghalani, kazi ni nyepesi kidogo kwa kuwa makato huandikwa. Omba mchanganuo: bei ya mnada, makato ya chama, ya ghala, ya ushuru, na kinachobaki kwa mkulima. Linganisha misimu miwili. Makato yakipanda huku huduma ikibaki ile ile, hapo kuna swali la kupeleka kwenye mkutano wa wanachama.

Tatu, uliza nani ameachwa nje ya faida

Uamuzi wenye nia njema unaweza kuwaacha walio dhaifu zaidi, na historia ya ukanda wetu inaonyesha hivyo waziwazi. Katika miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na gharama ya kuyasafirisha kutoka maeneo ya mbali ikabebwa na umma kupitia Shirika la Usagishaji la Taifa. Bei hiyo, pamoja na ruzuku ya mbolea, ndiyo iliyochangia kuifanya mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa kuwa ghala la Taifa. Soko lilipolegezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na ruzuku kuondolewa hatua kwa hatua katika miaka ya 1990, mkulima wa karibu na Dar es Salaam alipata soko, na mkulima wa Ludewa akabaki na umbali wake. Sisemi kwamba mfumo wa zamani ungeweza kuendelea, maana ulikuwa ghali mno kwa hazina. Nasema kwamba gharama ya kuuondoa ilimwangukia zaidi mtu wa mbali, na hilo lilistahili kujadiliwa naye kabla.

Ruzuku iliporudi kwa njia ya vocha kuanzia msimu wa 2008/09, mkulima alipewa vocha za mbegu na mbolea za kutosha takriban ekari moja, ila alipaswa kuongeza karibu nusu ya bei kwa fedha yake. Asiye na nusu hiyo alibaki na karatasi. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro katika kipindi hicho ulionyesha kuwa vocha nyingi ziliishia katika kaya za viongozi wa vijiji. Mpango wa sasa, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, ulitengewa shilingi bilioni 150 kwa msimu wa kwanza na ulishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, iliyokuwa imepita shilingi 130,000, hadi takriban shilingi 70,000. Huo ni msaada mkubwa na ulifika kwa wengi. Lakini unafuata usajili na mifuko: mwenye ekari ishirini hupata ruzuku kubwa kuliko mwenye ekari moja, na mkulima wa kukodi, kijana asiye na shamba la jina lake, au mjane ambaye shamba limeandikwa kwa jina la shemeji, anaweza kukosa kabisa.

Kwa hiyo, kwa uamuzi unaouchunguza, chora safu nne katika daftari: mwenye shamba kubwa, mwenye shamba dogo, anayekodi au kufanya kibarua, na mlaji asiyelima. Kila safu iandikie kilichoongezeka na kilichopungua. Kisha rudia safu hizo kwa mwanamke na mwanamume, na kwa kijiji cha karibu na lami na cha mbali. Usijaze kwa kukisia, nenda ukaulize. Ni katika safu ya tatu ndipo utakapokuta mambo ambayo hayajawahi kutajwa mkutanoni.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ipimwe kwa jedwali hilo hilo. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani fedha zilizokwisha kupangiwa kazi maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata ni vikundi vingapi vimeomba, vingapi vimepata, na vinatoka vijiji gani. Iwapo ushuru wa viazi vya milimani ndio unaojaza mfuko, na vikundi vinavyokopeshwa viko makao makuu ya wilaya tu, hilo lisemwe kwa takwimu.

Nne, peleka hoja mahali na wakati ambapo inaweza kubadilisha kitu

Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Omba hoja yako iingie katika ajenda kabla ya siku ya mkutano, na uhakikishe imeandikwa katika muhtasari, kwa sababu muhtasari ndio unaokwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Bajeti ya halmashauri huandaliwa kati ya miezi ya mwisho wa mwaka na Februari. Hoja ya kiwango cha ushuru kwa gunia ikifika Mei imechelewa. Sheria ndogo inapopendekezwa, wakazi hutangaziwa ili watoe maoni au pingamizi, na ubao wa matangazo wa kata ni wa kusomwa kila juma. Kwa mambo ya kitaifa, Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha mwezi Juni, na mbunge hupaswa kupewa hesabu zenu mapema kuliko hapo. Sauti hizi huzaa matunda: tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala, ilipunguzwa kabla mwaka huo haujaisha baada ya wananchi kulalamika, na baadaye ikapunguzwa tena.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa huwasilishwa bungeni kila Aprili na zinapatikana bure mtandaoni. Tafuta jina la halmashauri yako humo kabla ya kwenda kuuliza swali ambalo limekwisha kujibiwa.

Ukinyimwa taarifa kwa mdomo, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Barua iwe fupi na iulize jambo moja: "Naomba kupatiwa nakala ya sheria ndogo inayoweka kiwango cha ushuru wa mazao kwa gunia katika halmashauri yetu, pamoja na bei ya shambani iliyotumika kukokotoa kiwango hicho kwa msimu huu." Taja jina lako, kijiji na namba ya simu, na uielekeze kwa Mkurugenzi Mtendaji. Ipeleke masjala mwenyewe ukiwa na nakala mbili, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku 30 ambazo sheria imeipa ofisi kujibu huhesabiwa kuanzia hapo.