Somo: kuongoza vichekesho vya televisheni kwa kamera tatu

Kila wiki naulizwa jambo hili hili. Leo naandika, halafu nitamtuma kila mtu hapa.

1. Someni mswada mezani. Kamera zibaki kwenye mifuko.

2. Seti iwe wazi upande mmoja kama jukwaa, kamera zote zikae upande huo. Ya kati ichukue wote, za pembeni nyuso.

3. Taa ziwe juu, mwanga usambae sawasawa. Ndivyo mpiga picha Karl Freund alivyofanya kwenye I Love Lucy, vichekesho vya televisheni vya Marekani, mwaka 1951, kamera tatu zikachukua kwa pamoja bila kusimama kupanga taa upya kwa kila uso.

4. Kusubiri kicheko. Hapa niliungua. Ukumbi wa kukodi Ntinda, Kampala, watazamaji kama sitini. Mwigizaji wangu akatupa kichekesho, ukumbi ukalipuka, naye akaunganisha na maneno yanayofuata. Maneno hayo ndiyo yaliyomtaja mwizi wa kuku! Kwenye uhariri hayakusikika kabisa. Tulirudia siku ya tatu, ukumbi mtupu, na jamaa akaonekana kama anasoma tangazo la msiba. Basi: mwigizaji aongee kicheko kinapoanza kushuka. Akingoja kiishe kabisa, mchezo unapoa. Akiwa anangoja asisimame kama mlingoti. Akoroge chai, akunje nguo. ONYO: usimwambie "hapa watacheka". Atasimama pale hata watu wakinyamaza, na utatamani ardhi ikumeze.

5. Kilichoharibika kirudie usiku huo huo, kabla watu hawajaondoka.

MASWALI

Kijana wa Bwaise: Kamera ngapi, mkuu?
— Ssebo, soma kichwa cha somo.

Okello: Si unabandika tu vicheko vya kompyuta?
— Bandika. Mwigizaji atakuwa anamsubiri nani? Hatua ya 4.

Mama Shamim: Nina simu mbili tu, nimekwama?
— Hapana nyabo, umeuliza vizuri. Moja ichukue wote, nyingine uso wa mmoja. Chezeni tena, uso wa pili. Kicheko tumia cha mara ya kwanza, cha pili huwa cha huruma. Funga kipimo cha mwanga kwenye simu zote mbili kisijibadilishe chenyewe, na piga kofi moja mwanzoni ili uoanishe sauti.

Mama Shamim: Asante sana. Na mvua juu ya mabati?
— Miezi ya mvua rekodi asubuhi. Trei za mayai ukutani hazizuii mvua, nilibandika chumba kizima.

Okello: Trei zangu nilikuuzia wewe 😂